Asali na Pilipili

Mimi si mtu mpole, na sijawahi kumdanganya mtu kwamba mimi ni mpole. Baba mwenyewe ndiye aliyeniita Pilipili tangu nilipoanza kusema, na kwa jinsi ninavyozozana na wateja hapa saluni, jina limenikaa barabara. Kwa hiyo nilicheka mpaka machozi yakanitoka siku muuguzi wa kliniki ya moyo aliponipigia simu na kuniomba nimwazime Baba sauti yangu.

Baba ni fundi wa makochi. Anashinda kwenye kigoda, kinywa kimejaa misumari midogo, anaitoa mmoja mmoja na kuigongelea kwenye mbao. Moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka. Daktari alisema asipotembea na kumeza dawa kila siku, tutampoteza. Kliniki ikamvisha saa yenye akili bandia, inayosikiliza mapigo, inayojua amekaa muda gani, na inayomkumbusha kwa maneno. Sauti iliyokuja nayo hakuisikiliza hata kidogo.

"Siamrishwi na bati," aliniambia.

"Sikio la kufa halisikii dawa, mzee," nikamjibu.

Ndipo kliniki wakaona heri saa iseme kwa sauti ya bintiye wa pekee, yaani mimi, ninayeishi mji mwingine, safari ya kutwa kwa basi. Nilisoma sentensi zao kwenye simu, na muuguzi hakuacha kunirudisha nyuma.

"Taratibu, dada. Mbembeleze. Mtu akibembelezwa hutii."

"Baba yangu hajawahi kubembelezwa na mimi."

"Basi ataanza leo."

Na kweli, alitii. Saa ilisema, "Baba, simama kidogo unyooshe miguu," naye akasimama. Ikasema, "Hongera Baba, umesimama. Sasa tembea kidogo," naye akaenda mpaka kwa jirani yake, fundi baiskeli, akatamba kwamba kasindikizwa na binti yake. Dawa akameza, chumvi akaipunguza. Kwa vile mikono yake haikauki gundi, hata simu zangu saa ilizipokea yenyewe bila kuguswa, na salamu ya mzee ikawa moja.

"Leo nani, Pilipili au Asali?"

Asali ndiyo saa. Nilimwonea wivu, Mungu anisamehe, na ilikuwa sauti yangu mwenyewe. Mambo niliyoyapigia kelele miaka nenda miaka rudi, Asali aliyapata kwa kubembeleza tu. Ila mzee ni mjanja. Alivyozidi kuizoea ndivyo alivyozidi kuikatisha.

"Asali ana kitufe," alinichekea. "Ukibonyeza, ananyamaza. Wewe je, chako kiko wapi?"

Mchana huo nilikuwa na kichwa cha mteja mikononi, nusu kimesukwa, simu yangu ilipowaka nyekundu kwa taarifa kutoka kwenye saa: mapigo ya Baba yamevurugika, apelekwe hospitali mara moja. Nikapiga kuomba gari la wagonjwa. Wakasema limetoka, nisubiri. Fundi baiskeli hakupokea. Nikampigia Baba.

Kwa hofu sauti ilinitoka laini, sijui niliitolea wapi.

"Baba, tafadhali. Acha kazi kidogo, Baba. Moyo wako hauko sawa."

"Nimekusikia, Asali," akasema kwa kinywa kilichojaa misumari. "Ngoja nimalizie mkono huu wa kochi."

"Si Asali! Ni mimi, Baba. Ni mwanao."

"Hee, na hayo wamekufundisha? Mwanangu hasemi na mimi hivyo."

Akabonyeza kitufe. Nikapiga tena, akakata. Mteja alikuwa ananitazama kwenye kioo. Nikapiga mara nyingine, na ilipopokelewa sikumpa nafasi.

"We mzee kichwa ngumu! Tema hiyo misumari! Nyanyuka sasa hivi uende kwa fundi baiskeli akupeleke hospitali, usije ukanifia na kochi la watu mikononi!"

Nikasikia misumari ikimwagika kwenye kopo lake. Halafu akacheka, kicheko cha pumzi fupi.

"Sasa huyo ndiye Pilipili wangu. Kumbe ni wewe? Mbona ulikuwa unaongea kama mgeni?"

"Nyanyuka, Baba!"

"Kifua kimenibana tangu asubuhi, mama. Nikadhani ni hii gundi. Haya, usinile, nanyanyuka."

Kigoda kikakwaruza sakafu. Kisha kitu kizito kikaanguka, na nyundo ikafuata. Nikamwita. Nilimwita kwa ukali, nikamwita kwa upole, nikamwita kwa kila sauti niliyo nayo. Mteja alikuwa amesimama nyuma yangu, nusu ya nywele zake zikiwa wima, amenishika mabega. Simu ilikuwa bado haijakatika. Nikaibana sikioni nikisubiri hata akohoe.

Iliyonijia ilikuwa sauti yangu mwenyewe, taratibu, imejaa mapenzi.

"Hongera Baba, umesimama. Sasa tembea kidogo."