Wapagazi Sita katika Karatasi Mbili

Barua ilifika Bwera Jumatatu, ikapita kwanza mikononi mwa mwalimu mkuu, na nilipoitwa ofisini shule nzima ilikuwa imeshajua. Ithungu, msichana wetu wa darasa la mwisho, ameibia katika shindano la hesabu. Karatasi yake imefutwa.

Shindano lenyewe lilikuwa jipya mwaka ule wa 1969. Chuo kimoja cha Kampala kilikuwa kimepata kompyuta, mashine ya kujaza chumba kizima, na kilitafuta vijana wachache wa kufundishwa kuiandikia maagizo. Maswali yake hayakutaka jibu tu. Yalitaka hatua, moja baada ya nyingine, chache iwezekanavyo, ili hata asiyefikiri akizifuata afike. Ithungu alikuwa binti wa tano kwa mama yake, na dada zake wanne wote waliolewa kabla ya kumaliza shule. Baba yake alisema waziwazi: akishinda ataenda Kampala, asiposhinda, kuna mtu wa Munkunyu ameshaleta mbuzi wa kwanza.

Mimi hesabu za namna ile sikufundishwa katika chuo cha ualimu. Nilitafuta msaada, nikaupata sokoni kwa Sosthène, mkimbizi kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, aliyeuza vitenge, ambaye zamani alifanya kazi katika ofisi iliyopanga kadi za matundu kwa mashine. Kila Jumamosi tuliketi nyuma ya vitenge vyake, Ithungu akiandika na yeye akikosoa.

"Mademoiselle, masini iko mujinga," aliniambia siku ya kwanza. "Weye unawaza, yeye hawazi. Ukimwambia 'chukua mufuko', atabaki amesimama. Mufuko gani? Kwa mukono gani?"

"Basi ni kama kaka yangu," akasema Ithungu.

"Hapana. Kaka yako anakula. Masini haikule."

Kwa miezi minne tulifanya hivyo. Siku ya shindano watoto wa pande zote walikusanywa katika ukumbi mmoja Kasese, na swali la tano likawaangusha wengi. Wapagazi sita wana mizigo sita. Kuna mizani ya sahani mbili, bila mawe ya kupimia. Wape wapagazi majina yoyote upendayo, kisha andika hatua za kupata mzigo mzito kuliko yote na ule unaoufuata. Waliojitahidi walipima mara tisa. Ithungu alipima mara saba. Aliona kwamba mzigo wa pili hautafutwi katika mizigo yote, bali katika ile tu iliyopimwa uso kwa uso na wa kwanza ikashindwa.

Na sasa barua. Karatasi ya Ithungu, ilisema, na ya Mbambu Sophie wa Nyakalengija zina majina sita yaleyale ya wapagazi, kwa mpangilio uleule. Msahihishaji amepiga hesabu na kuona kuwa jambo hilo haliwezi kutokea kwa bahati hata mara moja katika milioni. Zote mbili zimefutwa.

Nilimwita Ithungu nje, karibu na tangi la maji. Naandika hili kwa aibu: nilimuuliza kama ni kweli.

Hakulia. Alinitazama kama mtu aliyepigwa na asiyemtarajia.

"Huyo Sophie simjui, Mwalimu."

"Lakini majina sita, Ithungu. Baluku, Bwambale, Masereka, Kule, Thembo, Mbusa. Yote sita, kwa mstari."

"Ulitaka niwapange vipi?" Sauti yake ilipanda. "Nimtaje Kule kabla ya Masereka? Mama yao aliwazaa kinyumenyume?"

Hapo ndipo uso uliponiwaka. Mimi ni mtu wa Fort Portal, lakini miaka mitatu nilikuwa nimeita majina hayo kila asubuhi darasani. Nani asiyejua kwamba kwa Wakonzo mtoto huitwa kwa zamu ya kuzaliwa kwake? Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa tatu Masereka, wa tano Thembo. Ithungu mwenyewe ni Ithungu kwa kuwa ni binti wa tano, na huyo Mbambu ni wa nne kwao. Mwambie Mkonzo yeyote awape majina wanaume sita, wa kwanza hadi wa sita, atakupa hayo hayo. Nilijua. Nilijua, na bado barua yenye muhuri ilinifanya nimshuku mtoto.

Hasira yangu juu yangu mwenyewe ndiyo iliyonipandisha basi la Kasese kesho yake. Mimi ni mtu ambaye hata kumwomba kondakta chenji yangu nasitasita. Njia nzima nilikuwa nikirudia maneno ya kusema, Ithungu akiwa pembeni yangu.

Msimamizi wa shindano aliitwa Bwana Baker, mtu wa Kampala licha ya jina lake la Kizungu, na alikuwa amepewa chumba karibu na stesheni ya reli. Msichana mmoja alipiga chapa mezani karibu na mlango. Bwana Baker hakutuambia tuketi.

"Mwalimu, nimekuonea huruma kukuona umesafiri," alisema. "Lakini hesabu ni hesabu. Majina ni mengi duniani. Piga mwenyewe hesabu."

Nilieleza. Nilieleza vibaya, kwa sauti ndogo, nikitazama viatu vyangu. Alinisikiliza huku akipanga karatasi.

"Hizo ni hadithi za milimani," akasema. "Watu wa huko tunawajua. Wanasaidiana katika kila jambo, hata mabaya."

Sijui nilitoa wapi nguvu. Nilifungua mlango. Mzee mmoja alikuwa akifagia baraza.

"Mzee, samahani. Unaitwa nani?"

"Thembo, mama."

"Bwana huyu anataka kujua ulizaliwa wa ngapi."

Mzee alimtazama Bwana Baker, kisha mimi, akidhani tunamtania. "Si nimesema naitwa Thembo? Mimi iko wa tano. Hata jina anataka nimufagilie?"

Msichana wa kupiga chapa aliziba mdomo kwa mkono. Bwana Baker akamgeukia kwa ukali. "Nakato! Fanya kazi yako."

Nakato. Kwa watu wa Kampala, jina hilo ni la pacha wa kike aliyezaliwa wa pili.

"Bwana," nikasema, na safari hii sikutazama viatu, "pacha wa huyu dada anaitwa nani?"

Alimtupia Nakato jicho.

"Ungekuta karatasi mbili kutoka kwenu zimeandika Babirye kwanza na Nakato baadaye, ungesema wameibiana? Ungepiga hesabu ya mamilioni? Au ungejua tu, kwa kuwa ni watu wako?"

Nakato aliacha kupiga chapa kabisa.

Bwana Baker alichomoa zile karatasi mbili za shindano katika rundo lake. Nilimwona akisoma hatua zenyewe, nadhani kwa mara ya kwanza. Sophie alianza kwa kulinganisha wawili wa mwisho, Ithungu wawili wa kwanza. Wote walifika kwa mara saba, kila mmoja kwa njia yake. Yeyote ambaye angesoma zaidi ya majina angeliona hilo.

"Wangetumia majina ya kawaida," alisema mwishowe. "John. Peter."

"Ya kawaida kwa nani?" akauliza Ithungu.

Bwana Baker alimgeukia Nakato. Akamwamuru apige chapa barua fupi ya kwenda chuoni: kwamba baada ya kufikiri upya, wasichana hao wawili wamesamehewa na majina yao yarudishwe katika orodha ya washindi. Kisha akanyoosha mkono achukue kalamu atie sahihi.

"Wamesamehewa kosa gani?" nikauliza.

"Mwalimu, mfuko wa barua unaondoka na treni ya leo. Umepata ulichokuja kutafuta. Usiwe mtu wa kushindana."

Ithungu alinishika kiwiko. Nilijua anachohofia: mtu wa Munkunyu na mbuzi wake. Barua ile ilitosha kumfikisha Kampala. Lakini angefika akiwa mwizi aliyehurumiwa, na kila ambapo angepata jibu kabla ya wengine wangekumbuka neno lile, 'wamesamehewa'.

"Andika kwamba hawakuibia," nikasema. "Andika kwamba msahihishaji alikosea."

"Na nisipoandika?"

Sikuwa na cheo wala mtu wa kumtaja. Nilibaki nimesimama mbele ya meza yake. Nakato alichomoa ile karatasi kwenye mashine yake, akaikunja, akaingiza nyingine, akasubiri vidole vikiwa juu ya herufi.

Bwana Baker aliitazama saa ya ukutani. Kisha akasema maneno yote mawili niliyoyataka, haraka na bila kututazama, kama mtu anayetema mbegu. Akatia sahihi. Nilidai nakala mbili.

Mchana ule ule tulipata lori la kuelekea Nyakalengija, na sehemu ya mwisho tukatembea. Tulimkuta Sophie shambani kwao akipalilia mihogo siku ya shule. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Alipoinama kuipokea barua niliona vidole vyake vimevimba, na alishika karatasi kwa viganja.

Aliisoma mara mbili.

"Walinichapa mbele ya shule nzima," alisema. "Mwalimu mkuu alisoma barua ya kwanza kwa sauti, halafu wakanichapa. Sasa hii nani ataisoma?"

Ithungu alinitazama. Katika chuo cha ualimu, siku ya kufundisha mbele ya wakaguzi, nilipoteza sauti hadi wakanionea huruma.

"Mimi," nikasema. "Kesho asubuhi, kabla hawajaingia madarasani."