Robota la Mumbua

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Elinami ni rangi ya buluu nyuma ya sikio. Alikuwa anakula tambi mlangoni mwa stoo yetu ya mizigo, karibu na barabara ya Huanshi Zhonglu, huku kwa Wachina. Nilitaka kumwambia. Sikuweza.

Yeye na wenzake watatu, wanafunzi kutoka Tanzania, waliishi chumba kimoja ghorofani. Walichora juu ya mabaki ya jinzi kutoka viwanda vya Xintang, maana turubai ni ghali. Walipopeleka kazi zao kwenye maonyesho makubwa, zikarudishwa zote. Eti nyuso hazifanani na watu, na rangi zinagombana.

"Zamani kule Paris wachoraji walikataliwa hivihivi," Elinami alisema, "wakatundika wenyewe. Na sisi tutatundika hapa stoo."

Shangazi yangu, mwenye stoo, alicheka. "Tundikeni, mradi msinitobolee marobota."

Marobota hayo nayashona mimi na kuyatia alama. Wengine huandika herufi. Mimi niliishia darasa la tano, kwa hiyo nachora: jogoo kwa mteja huyu, samaki kwa yule. Wanapenda, kwani mzigo ukifika wanautambua kwa mbali.

Nilitamani picha yangu iwe kati ya zile. Lakini kuomba? Nikachukua robota la Mumbua, mfanyabiashara wa Nairobi, nikamchora upande mzima akibishania bei: kikokotoo mkononi, uso wa kijani, mdomo wazi kama mlango wa kontena. Kisha upande ule nikaugeuzia ukutani.

Jumamosi ya maonyesho, Kassian, mmoja wa wanafunzi, alisogeza marobota apate nafasi. Akaligeuza lile bila kujua.

Watu walijaa hadi nje. Walicheka, walibishana, walipiga picha jinzi zilizotundikwa. Walipofika kwenye robota, wakasimama. Mumbua akaingia na wapakizi.

"Nyinyi, mbona mmezunguka mzigo wangu kama matanga?" Akatazama. "Heh! Si huyu ni mimi? Shingo yangu ni ya mbuni?"

"Laoban," mpakizi alimwita, kama mabosi wote wanavyoitwa hapa, "lori linangoja."

"Lingoje! Kumbe hivi ndivyo wale wauzaji wa soko la Zhanqian wananiona. Ndiyo maana wanashusha bei!" Alicheka hadi akafuta machozi. "Hamisheni nguo kwenye gunia jingine. Hili likatwe, litundikwe katikati. Elinami, umeniweza!"

"Si mimi, mama. Wala si wenzangu."

"Basi tuandike jina la nani?"

Shangazi alinitazama vidole, kijani mpaka kwenye kucha. Nikasogea mbele.

"Andikeni Dalila. Nimechora mimi." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyodhani, na kwa kuwa ilikwishatoka, nikamalizia: "Na wewe, kaka Elinami, una rangi nyuma ya sikio."