Jibu la Neno Moja

Kwa miaka kumi na tisa Mzee Jalada alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya ramani na viwanja, na katika miaka sita ya mwisho hakwenda likizo hata siku moja. Haki alikuwa nayo. Lakini kila alipoomba aliambiwa, "Mzee, ukiondoka wewe, nani atatuonyesha mafaili yalipo?" Naye, kama binadamu yeyote anayesifiwa, alivimba kichwa kidogo, akaitikia, akarudi chumbani kwake.

Kwa kweli hakuwa mzee. Alikuwa na miaka hamsini na minne na nywele nyeusi tii. Vumbi ndilo lililomzeesha. Chumba cha masjala kilikuwa mwisho wa korido, na mlango wake ulikuwa umevimba kwa unyevu hata ukawa haufunguki ila kwa bega. Ndani mlikuwa na mafaili elfu kumi na moja. Karani wa kwanza aliyapanga kwa majina, wa pili akayapanga kwa namba, halafu mwaka ule dari lilipovuja, mvua nayo ikayapanga kivyake. Aliyeijua mipango yote mitatu alikuwa Mzee Jalada peke yake.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka alipokuja mkurugenzi mpya. Huyu alikuwa ametoka ng'ambo, kwenye kozi ya wiki sita ya uongozi wa kisasa, na alirudi na mambo mawili. La kwanza, maandishi yote ya ofisi yawe ya Kiingereza. La pili alilisema kwenye kikao, mikono mfukoni, huku akitembea mbele ya wafanyakazi kama mtu anayepima sakafu.

"Kiongozi wa kisasa haandiki ukurasa," alisema. "Anaandika neno."

Kuanzia siku hiyo barua zikawa zinarudi kutoka kwake na neno moja pembeni, kwa wino wa kijani. Mpima ardhi mmoja aliandikiwa "See". Akavaa koti, akaenda kumwona, akakaa nje ya mlango saa mbili nzima, na alipoingia akaulizwa, "Nani amekuita?" Akatoka na koti lake. Hakuna aliyethubutu kumuuliza mkurugenzi anamaanisha nini, maana kuuliza ni kukiri kwamba Kiingereza chako ni cha kuombea maji. Basi watu wakawa wanatikisa vichwa kwa pamoja, kila mmoja akitumaini jirani yake ameelewa.

Ndipo binti mkubwa wa Mzee Jalada alipojifungua, mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza katika nyumba ile. Binti alikuwa ameolewa mbali, safari ya siku nzima. Mke wa Mzee Jalada, aliyekuwa mshonaji, aliweka mkasi chini na kusema, "Mume wangu, safari hii sikuombi. Nakuarifu."

Mzee Jalada akaenda kuandika ombi la likizo ya siku ishirini na nane. Kiingereza chake kilikuwa cha mafaili: imepokelewa, imepelekwa, imepotea. Katibu muhtasi wa mkurugenzi, dada mwenye huruma na vidole vyepesi, alimsaidia kuunga maneno. Barua ikaingia kwa mkurugenzi siku ya Jumanne. Jumatano asubuhi ikatoka. Pembeni, kwa wino wa kijani, palikuwa na neno moja, nukta, na saini ndefu kama nyoka aliyekanyagwa.

*Leave.*

"Hongera, mzee!" katibu muhtasi alisema huku akimpigia makofi. "Umepewa likizo yako!"

Mzee Jalada alibeba barua ile kwa mikono miwili mpaka kwa afisa utumishi ili ajaziwe fomu, katibu muhtasi akimfuata nyuma. Afisa utumishi alikuwa mtu wa miwani iliyokaa kwenye ncha ya pua. Akaisoma barua. Akavua miwani. Akaisoma tena bila miwani.

"Mzee, hebu kaa."

"Kuna nini, bosi?"

"Hii si likizo. Angalia hapa. Neno limesimama peke yake na limewekewa nukta. Likisimama hivyo ni amri. Mkurugenzi amekwambia uondoke."

"Niondoke niende wapi?"

"Hapo sasa," afisa utumishi alisema kwa masikitiko. "Hakusema."

Mzee Jalada aliitazama tena ile nukta. Akaanza kujikagua moyoni kama mtu anayetafuta upele gizani. Amekosa nini? Ni lile faili lililopotea, likaonekana baadaye likizuia dirisha lisifunguke? Ama ni ile siku aliyopiga chafya mbele ya wageni? Miaka kumi na tisa, na neno moja la kijani limeimaliza.

"Mpigie mwenyewe umuulize, bosi wangu," alisihi.

"Amesafiri asubuhi hii. Semina ya siku kumi," alijibu afisa utumishi, tena haraka, kama mtu aliyeshukuru.

Akaitwa mwanasheria wa ofisi. Alikuja na kalamu nyuma ya sikio, akaishika barua kwa ncha za vidole, akasema wote wawili wamekosea. "Neno hili maana yake ni kuacha. Mkurugenzi anasema suala hili liachwe kama lilivyo."

"Kwa hiyo amekataa?" Mzee Jalada aliuliza.

"Sijasema amekataa. Nimesema ameacha."

"Sasa mimi nije kazini kesho, nisije?"

"Inategemea," alisema mwanasheria. Hakueleza inategemea nini, maana huko ndiko elimu yake ilikoishia kila siku.

Wakati huo mama wa chai aliingia na sinia. Alichungulia barua huku akiweka vikombe.

"Mbona hilo neno nalijua," alisema. "Juzi mkurugenzi alinipa karatasi imeandikwa hivyo hivyo, nikaipeleka stoo, wakanipa majani ya chai."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uhakika.

"Lile la majani huwa na herufi ya ziada mwishoni," katibu muhtasi alisema polepole.

"Labda alikuwa na haraka," alisema afisa utumishi.

"Jamani," mama wa chai akasema, "si apigiwe simu aulizwe? Mnaogopa nini? Mficha uchi hazai."

Walimtazama kana kwamba amemwaga birika juu ya meza. Kumpigia simu mkurugenzi, yuko semina, eti kumuuliza maana ya neno la herufi tano! Afisa utumishi akamwambia kwa upole kwamba yapo mambo ya kiofisi, na kwamba sukari haitoshi. Mama wa chai akatoka zake akiguna.

Alasiri kikafanyika kikao cha dharura. Kila mtu alitetea maana yake kwa sauti kubwa, na kila aliyetetea aliepuka kukaa karibu na kamusi iliyokuwa dirishani, isije ikafunguliwa. Saa tisa na nusu wakafikia mwafaka, wakauandika: kwamba hadi mkurugenzi arudi, karani wa masjala ahesabiwe kuwa *ameondoka kwa likizo ambayo imeachwa*. Wote wakatia saini. Mzee Jalada aliambiwa arudi nyumbani, ila asiende mbali, ila pia asikae karibu na ofisi.

Alimkuta mkewe anakunja nguo za kichanga. Begi lilikuwa wazi kitandani. Alikaa ukingoni na kumsimulia yote, na mwisho akasema, "Mama watoto, nadhani nimefukuzwa. Ama nimepewa likizo. Mwanasheria anasema vingine."

Mke aliendelea kukunja.

"Nijibu," alisema. "Kama ni likizo, kesho tunakwenda wapi?"

"Kwa mtoto."

"Kama umefukuzwa, kesho una kazi gani?"

"Sina."

"Basi tunakwenda wapi?"

"Kwa mtoto."

"Na huyo mwanasheria wenu, kama mambo yameachwa yalivyo, yalivyo ni kwamba mjukuu kazaliwa na babu yake hajamwona. Sasa hapo pana la kujadili?"

Mzee Jalada alifikiri. "Na kama ni majani ya chai?"

"Tutanunua njiani."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, naye mkewe akacheka kwa kumwona anacheka, maana ilikuwa muda mrefu hajamsikia hivyo. Alfajiri wakaondoka.

Siku tatu za kwanza kwa binti yao hakuwa na raha. Alikuwa anashtuka akiwaza nani amefungua mlango wa masjala na amesukuma kwa bega lipi. Mkwe wake akimwambia, "Baba, karibu chakula," yeye anajibu, "Imepokelewa." Siku ya nne binti alimwekea mtoto mapajani, akaenda kuoga. Mtoto alifungua jicho moja, akamkagua babu yake, akalifumba. Akajikunjua, akapiga miayo mikubwa kuliko uso wenyewe, akalala. Mzee Jalada alikaa vile vile saa nzima, mguu umekufa ganzi, asithubutu kujigeuza. Baada ya hapo ofisi ilimtoka kichwani kama vumbi linavyotoka kwenye shati lililokung'utwa.

Siku ya kumi na mbili simu yake ikalia. Alikuwa mkurugenzi mwenyewe.

"Mzee wangu! Habari za huko? Familia hawajambo?" Kiswahili kilitiririka bila neno moja la kozi.

"Hatujambo, mheshimiwa. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba. Sikiliza, mzee wangu. Wamekuja wakaguzi kutoka makao makuu. Wanataka faili la kile kiwanja chenye mgogoro, karibu na bwawa. Watu wanne wameingia masjala tangu asubuhi. Rafu moja imeanguka. Mwanasheria yuko chini yake. Hapana, hajaumia, anasema tu inategemea."

Mzee Jalada aligeuka. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anamtazama. Ndipo Mzee Jalada akasema jambo ambalo ofisi nzima, yenye vyeti vyake vyote, ilishindwa kulisema.

"Mheshimiwa, samahani. Uliponiandikia lile neno, ulikuwa na maana gani?"

Alisikia mtu akipumua, na kwa mbali sauti ya kitu kikianguka.

"Neno gani?" mkurugenzi aliuliza mwishowe.

"Kwenye barua yangu. *Leave.*"

"Aa. Lile." Akakohoa. "Mzee wangu, siku ile nilikuwa nawahi ndege. Palikuwa na barua arobaini. Wewe… wewe ulilielewaje?"

Mzee Jalada alimtazama mkewe. Mkewe alimtolea macho.

"Nilielewa nimepewa likizo ya siku ishirini na nane, yenye malipo."

"Basi ndivyo nilivyoandika!" mkurugenzi alisema kwa furaha ya mtu aliyetolewa kisimani. "Haya, faili liko wapi?"

"Nyuma ya mlango, rafu ya nne, ndani ya jalada lililoandikwa Samani."

"Samani? Kiwanja kinatafuta nini kwenye samani?"

"Hiyo ni habari ndefu, mheshimiwa. Haienei kwenye neno moja."

Faili lilipatikana. Mkurugenzi hakumwambia arudi, na yeye hakujitolea. Alikaa siku zote ishirini na nane, akajifunza kuogesha mtoto, na aliporudi alikuwa amenenepa shingo.

Kwenye ubao wa matangazo alikuta waraka mpya, kurasa mbili, kwa Kiswahili, ukiagiza kwamba mawasiliano yote yaandikwe "kwa lugha iliyo wazi kwa mwandishi na mwandikiwa". Haukusema kwa nini. Mpima ardhi aliyewahi kungoja saa mbili alikuwa ameusoma mara tatu, anasema, kwa raha tu. Mkurugenzi naye alimwita Mzee Jalada, akamkaribisha kiti, akamwahidi msaidizi wa kujifunza kazi, na kweli baada ya wiki mbili msaidizi akaja, mama wa makamo mwenye kumbukumbu kali na bega imara.

Masjala ilikuwa imechafuka kama shamba lililopitiwa na ng'ombe. Tangu aliporudi, ilimchukua Mzee Jalada siku nne kuirudisha katika hali yake. Siku ya tatu, katika rundo la barua zinazosubiri kupewa namba, aliona moja yenye jina lake. Ilikuwa ya Kiingereza, imepigwa chapa vizuri, na tarehe yake ilikuwa siku ile ile yeye na mkewe waliyosafiri. Aliisoma taratibu, kidole chini ya kila neno. Afisa utumishi alikuwa amemfukuza kazi. Lakini hakuna barua iliyotoka ofisini mle bila kupita masjala kupewa namba, na mtoa namba alikuwa hayupo. Kwa hiyo kufukuzwa kwake kulikuwa kumekaa mezani wiki nne kukimngoja yeye mwenyewe.

Aliipeleka kwa afisa utumishi, akaiweka mbele yake. Miwani iliteleza kutoka puani.

"Mzee, mimi nilifuata utaratibu tu," alisema akiikunja barua mara nne, mara nane. "Huwezi jua… nilitaka tuwe tayari."

"Nakuelewa, bosi," alisema Mzee Jalada, na akarudi koridoni kwake.

Hakununa, wala hakumsema kwa mtu. Alimwamkia kila asubuhi kwa adabu ile ile. Ila tangu siku hiyo, faili lolote alilohitaji afisa utumishi lilichukua siku tatu kuonekana, na kila mara lilikuwa kwenye samani.