Gunia la Pili

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Lakini tarehe ishirini na nne Desemba niliamka nikiimba, kwa sababu mwanangu Florian alikuwa anakuja Pasiansi kutoka Dar es Salaam. Miaka mitatu Krismasi yake ilinijia kwa basi, ndani ya boksi. Mwaka wa kwanza blenda, wa pili televisheni, wa tatu saa ya mkononi inayohesabu hatua, kana kwamba hatua zangu sizijui: kanisani, sokoni, kitandani. Kila mara nilikwenda stendi ya Nyegezi kupokea mzigo, na kila mara nilitazama mlango wa basi mpaka abiria wa mwisho akashuka.

Asubuhi hiyo nilikwenda soko la mwaloni Kirumba, nikanunua gunia la senene, wale panzi wetu wa kuliwa, wazima, waliotoka Bukoba. Walikuwepo waliokwisha kunyonyolewa, wa kukaanga tu. Sikuwataka. Sisi Wahaya tunaijua kazi ya senene: unakaa mkekani, unanyonyoa mabawa na miguu, mmoja mmoja, na lazima uwamalize siku hiyohiyo, la sivyo wanaharibika. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka. Ni kwenye ungo wa senene Florian alipotuambia mimi na marehemu baba yake, Bagenda, kwamba amefeli kidato cha pili. Ni hapohapo alipotutajia msichana wake wa kwanza, amejiinamia. Sasa nilikuwa na maneno ya miaka mitatu, na yeye pia anayo, maana kwenye simu husema "sijambo, Mama" upesi mno.

Alifika saa sita mchana.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umekonda."

"Kesho saa tisa narudi. Keshokutwa nina zamu kiwandani."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wangu hata jembe hakulisubiri. Nilimeza mate, nikamwonyesha gunia, nikamwambia jioni tutakaa. Kisha nikaenda kanisani kuungama, na foleni ya maungamo ikanichukua zaidi ya saa mbili.

Nilirudi sina dhambi hata moja, nikakuta gunia tupu. Florian alikuwa amemwita jirani yetu Jasmin na mawifi zake watano, wakanyonyoa senene wote. Walikuwa kwenye beseni, safi kabisa.

"Vidole vyako vinakuuma, Mama. Nimetaka upumzike," alisema kwa furaha, simu mkononi.

"Nani amekwambia nataka kupumzika?" Sauti yangu ilipanda, maungamo yakaishia hapo. "Ningetaka wa kukaanga ningewanunua. Nilinunua jioni moja na wewe, Florian. Umeigawa kwa majirani."

Niliingia jikoni nikawakaanga senene, nikalia, wala si kwa sababu ya kitunguu. Walikuwa watamu, na hilo likaniudhi zaidi. Tulikula tukitazama televisheni yake.

Asubuhi ya Krismasi nilikuta kitanda chake kitupu. Nilikwenda misa ya kwanza peke yangu nikijilaumu kwamba mdomo wangu umemfukuza mtoto. Padre alihubiri, sikusikia neno.

Niliporudi nilimkuta barazani, amekaa mkekani na shati lake la sikukuu, mabawa yamemjaa mapajani. Mbele yake alikuwa ameweka nyungo mbili. Kando yake lilikuwepo gunia lililofura, kubwa kuliko la jana, likichezacheza lenyewe.

Nilivua ile saa ya kuhesabu hatua, nikakaa. Tulianza kunyonyoa. Simu yake ililia ndani, naye akatazama vidole vyake vilivyochafuka, akaiacha ilie.

"Tangu baba afariki," alisema bila kuinua macho, "nimekuwa naogopa kuingia nyumba hii. Nikawa natuma vitu viingie badala yangu."

Nilimpenda mno wakati ule, nikashindwa kumwambia.

"Umeshaingia," nilisema.

Tuliendelea. Jua lilipanda, akanisimulia mambo ambayo hayasemeki kwenye simu, nami nikamsimulia yangu. Nilipotupa jicho kwenye gunia, tulikuwa hatujafika hata robo.

"Florian, hawa hatuwamalizi kabla ya saa tisa."

"Najua, Mama," alisema. "Ndiyo maana nilichagua gunia kubwa."