Vumbi la Mbuzi, Wingu la Nyota

Mwalimu Hajira, msimamizi wa maonyesho ya sayansi pale Masuguru, Korogwe, alimwambia Nalotuesha waziwazi kwamba mada yake haisemeki kwa Kiswahili. Atumie Kiingereza, au ampishe mwingine. Nalotuesha, mwanachuo wa ualimu, alikataa yote mawili. Wakapatana: mzazi mmoja tu akitoka hajaelewa, jina lake litafutwa kwenye orodha ya waendao maonyesho ya mkoa.

Siku ikafika, ukumbi ukajaa. Nyuma kabisa aliketi baba yake, Meitamei, aliyetoka Handeni na fimbo yake, mtu ambaye hajawahi kukaa darasani.

Nalotuesha akaanza. Kuna nyota zikizeeka huachia gesi, nayo huwa wingu linalong'aa. Huitwa nebula ya sayari, ingawa sayari haimo. Yeye hutumia picha za darubini kutafuta wingu liko mbali kiasi gani, na kazi ni ngumu kwa kuwa dogo la karibu na kubwa la mbali huonekana sawa.

"Kwetu ng'ombe hutimua vumbi," alisema. "Mwanzo ni dogo na zito. Likitanda, linakuwa jepesi. Sasa ukiona vumbi jepesi, lakini machoni halizidi kiganja, utasemaje?"

Mama mmoja wa Mashewa akajibu kwamba hilo ni kubwa, ila liko mbali. Ndivyo hasa, akasema Nalotuesha: jinsi wingu lilivyofifia humwonyesha upana wake wa kweli; akiulinganisha na upana anaouona, anapata umbali.

Meitamei akainua fimbo. Binti akampa nafasi aulize.

"Mwanangu, umejuaje kuwa ni la ng'ombe? Mbuzi watano vumbi lao ni jepesi tangu mwanzo. Utalipeleka mbali bure."

Swali hilohilo lilikuwa limemsumbua Nalotuesha mwaka mzima.

"Hapo ndipo wataalamu wanapobishana, baba. Ziko nyota zinazotoa gesi kidogo. Kwa hiyo tunaanza na mawingu ya karibu, ambayo umbali wake umepimwa kwa njia nyingine, tujifunze lipi la mbuzi, lipi la ng'ombe."

"Sawa. Endelea."

Alipomaliza, hakuna aliyetoka hajaelewa. Mlangoni Meitamei alimsalimu Mwalimu Hajira kwa adabu, kisha akamuuliza, "Huyo aliyesema haisemeki, alichunga wapi?"

Mwalimu Hajira akacheka mpaka akashika ukuta. Akafungua orodha, na mbele ya jina la Nalotuesha akaandika: Kiswahili.