Kitambaa Juu ya Tezi

Kina mama wenzangu, msifiche tezi za mtoto. Mimi nilificha.

Mwaka wa hamsini na sita, hapa landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, Nakuru, binti yangu Nasimiyu alivimba tezi nyuma ya shingo, zikakataa kurudi. Majirani walizibonyeza kama maparachichi ya sokoni. Mmoja wao, Mama Wanyama, akaninong'onezea, "Hiyo ni TB, hospitali watamchukua wamtenge." Kwa hofu nikamfunga kitambaa changu cha kanisa kichwani mpaka shingoni, usiku na mchana. Tezi zikazidi.

Baba yake akachoka. "Leo ni hospitali!" Nilitembea huku nikilia.

Daktari akafungua kitambaa, akapekua nywele, akacheka. "Mama, unafuga?"

"Nafuga nini?"

"Chawa! Na umewaezekea nyumba. Wamemtia vidonda kichwani, ndiyo maana tezi zimevimba. TB sioni. Mnyoe, paka dawa, kisha mrudishe nimwone."

Nilipiga vigelegele mpaka wagonjwa wakasimama! Nasimiyu akapona, kichwa kiking'aa kama sufuria mpya, tezi zikanywea. Nikampitisha kila mlango nikicheza.

"Mama Wanyama, njoo ubonyeze sasa!"

Hakuja. Alikuwa akijikuna kichwa.