Mkono Uliopita Kwenye Mkeka

Jina la baba mkwe wangu sitalitaja. Sijalitaja tangu niolewe, na sitaanza leo kwa sababu ya hadithi. Kwetu Kyela, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hamgusi, hazungumzi naye, na wakikutana njiani mwanamke ndiye anayeingia majanini mpaka mzee apite. Huko mjini, Bondeni, wengine wameanza kuliacha jambo hili. Kwetu Makwale bado. Kwa miaka tisa nilimjua mzee yule kwa kikohozi chake, kofia yake na mgongo wake.

Kazi yangu ni uuguzi. Mwezi wa kumi mwaka 2021 halmashauri ilitutuma kata kwa kata na chanjo ya UVIKO, na Makwale ikapewa siku moja. Mwenzangu wa kuchoma, Hezroni, alikuwa amepelekwa Ikombe kwa mtumbwi, kwa wafinyanzi, kwa hiyo sindano zote za Makwale zilikuwa mikononi mwangu. Saa mbili asubuhi gari lilitushusha mbele ya ghala la ushirika wa kakao, mimi na Doreen, mhudumu wa afya wa kijiji, pamoja na kasha la baridi lenye chupa ishirini. Chupa moja watu watano. Ikishatobolewa ni saa sita tu, kinachobaki kinamwagwa. Saa kumi na moja jioni gari lingerudi kutuchukua, na kesho yake kasha lingekwenda Ipyana.

Mpaka saa sita mchana, kwenye benchi walikuwa wamekaa watu wanne.

Si kwamba watu hawakuwepo. Ilikuwa siku ya kupima kakao, na barabara ilijaa baiskeli zenye magunia. Lakini wote walisimama ng'ambo, wakitazama kijia cha kwenda kwa baba mkwe wangu. Zamani, watu walipotaka kung'oa kakao wapande michikichi, yeye alikataa. Wakamfuata, na hawakujuta. Tangu hapo Makwale haianzi jambo mpaka aanze yeye.

Lazaro, fundi baiskeli, ndiye aliyelisema kwa sauti.

"Dada nesi, mkweo yuko wapi?"

"Yuko kwake."

"Yuko kwake! Mmesikia? Mchomaji ni mke wa mwanawe, sindano imemfuata mpaka mlangoni, na bado mzee hatoki. Anajua kitu ambacho sisi hatukijui."

Watu wakacheka. Mmoja wa wale wanne akainuka taratibu, akajifanya anafuata baiskeli yake, hakurudi.

Jackson, mtendaji wa kata, akashika kipaza sauti. "Ndugu wananchi, chanjo ni salama, chanjo ni bure, chanjo ni—"

"Mtendaji, pumzika!" Lazaro akamkata. "Hayo umeyasema tangu juzi, mpaka mbuzi wameyakariri."

Sikumkasirikia. Nilikuwa naogopa. Mwezi wa pili mwaka ule ule tulikuwa tumemzika mdogo wake mzee. Tuliambiwa ni changamoto ya kupumua. Siku tatu nilimsikia kupitia ukutani, akivuta hewa kama mtu anayevuta gunia lililokwama mlangoni. Na kikohozi cha baba mkwe wangu ni cha miaka mingi. Wimbi jingine likija, nilijua nyumbani kwetu litaanzia kwa nani. Chanjo ninayo mimi, na hata kwenda kumwomba siruhusiwi.

Saa sita na nusu mama mkwe akatuletea chakula, wali na samaki, kama walivyopanga akina mama wa kanisani. Akaniinamia.

"Mama Brenda, hivi nyinyi mnangoja nini?"

"Tunamngoja baba. Watu wanasema amekataa."

"Amekataa?" Akatua sufuria chini kwa kishindo. "Tangu alfajiri amevaa shati la mikono mifupi! Ameoga. Uji hakunywa, anasema sindano haipatani na tumbo zito. Anazunguka uani anagombana na kuku."

"Sasa mbona hatoki?"

Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyemwaga maziwa. "Atoke aje kwa nani? Akuvulie shati wewe?"

Kijiji kizima, na mimi nikiwemo, tulikuwa tumeiona heshima tukaiita woga.

"Kwa nini hakusema?"

"Kwako hasemi. Kwa mtendaji anaona aibu. Anasema atangoja mchomaji mwanamume."

"Mwanamume yuko Ikombe, mama. Siku ni leo. Kesho tuko Ipyana."

Nilitazama huku na huku kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kwenye ukuta wa ghala ilikuwa imeegemezwa mikeka ya matete ya kuanikia kakao. Mmoja ulikuwa na tundu, karibu na usawa wa bega la mtu mzima.

"Ule wa nani?"

"Wetu. Mbuzi wa Lazaro aliutafuna."

"Nenda kamuulize baba. Mimi nikisimama upande huu wa mkeka, yeye upande ule, ukapita mkono peke yake, itakuwaje?"

Akaenda. Akarudi anahema. "Anauliza, utamshika?"

"Mwambie nina glavu."

Akaenda tena, akarudi. "Anauliza, jina lake atalitaja nani?"

"Doreen."

Mara ya tatu hakurudi peke yake.

Mimi sikuona, maana nilikuwa nimegeukia ukuta kama inavyonipasa. Nilisikia tu kikohozi kikija barabarani, na baada yake kelele za watu zikazima. Jackson akashika mkeka upande mmoja, mama mkwe upande wa pili, wakausimamisha. Doreen akaenda nyuma ya mkeka, akamuuliza mzee maswali yote ya afya, kisha akaita majina yake yote matatu kwa sauti ya kuimbia kwaya.

"Nipo," mzee akajibu.

Ndipo nikageuka. Tundu la mkeka likasogezwa chini kidogo, mkono ukapita.

Ulikuwa na vinyweleo vyeupe na kovu refu la panga la kuvunia kakao. Ulikuwa mkono wa Ambwene, mume wangu, ulioongezewa miaka thelathini. Miaka tisa nimekula wali wa mpunga uliolimwa na mkono huo, na nilikuwa sijauona. Nikatoboa chupa, kwa sababu wale watatu, na mzee, na mama mkwe, walitimia watano. Nikausafisha mkono, nikachoma.

"Tayari," nikamwambia Doreen.

Mkono haukuondoka.

"Mkeka," ikasema sauti upande wa pili. "Mwambie mchomaji, mkono wake ni mwepesi. Mwambie, ndaga fijo."

Ndiyo asante ya kwetu, asante sana. Miaka tisa, na yalikuwa maneno ya kwanza kunifikia kutoka kinywani mwake. Sikukubali kushindwa na mkeka.

"Mkeka," nikasema, "mwambie baba akae dakika kumi na tano kwenye benchi. Asirudi kugombana na kuku."

Barabara nzima ikalipuka kwa kicheko. Mzee mwenyewe alicheka mpaka akakohoa.

"Lazaro!" akaita. "Mbuzi wako ameutoboa mkeka wangu. Njoo utoe bega."

"Mzee wangu, mimi nilikuwa natania tu."

"Na mimi kikohozi kinanitania kila siku. Njoo!"

Lazaro akavuka barabara akikunja mkono wa shati, na nyuma yake barabara yote ikavuka. Magunia yaliachwa yameegemea mizani. Ndugu zake mzee, ambao wote ni wakwe zangu, walipita kwenye mkeka mmoja mmoja. Kisha wakaja wanaume ambao hata si ukoo wetu, wanataka nao wachomwe kwa mkeka, eti huko haiumi. Baiskeli zikageuzwa zikafuate bibi na babu wasioweza kutembea, na Lazaro, bega likiwa bado na pamba, akachuchumaa anajaza upepo kila gurudumu lililolegea. Akina mama wa kanisani walianza wimbo, wakauacha, wakaanza mwingine. Sikumbuki kama nilikula ule wali.

Saa kumi na moja kasoro nilichoma sindano ya mwisho. Chupa ishirini, tupu. Jackson alikuwa pembeni, simu sikioni, anapiga kelele: "Ipyana, mnanisikia? Kesho andaeni mikeka! Ndiyo, mikeka! Yenye matundu!"

Doreen akabaki kulingoja gari. Mimi nikakata njia kwenda nyumbani kumwona mwanangu, kupitia kwenye migomba. Kwenye kona nikasikia kikohozi kinakuja, na kwa mazoea nikaanza kutafuta majani ya kuingia.

Sikuwahi. Mzee alikuwa ameshaniona. Aliivuta kofia ikafunika macho, akatoka njiani, akaingia kwenye mikakao, akanipa mgongo na kunyoosha ule mkono kuelekea mbele, kama anayesema pita.

Nikapita katikati ya njia.